Kamera Chumbani kwa Mgonjwa: Filamu Huru za Marekani, kutoka Cassavetes hadi James White

Filamu huru, kwa maana inayotumika Marekani, ni filamu iliyogharimiwa na kutengenezwa nje ya studio kubwa za Hollywood. Mwongozaji ndiye anayetafuta fedha, ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kazi, na mara nyingi ndiye anayehangaika kutafuta jumba la kuionyesha. Biashara hii ilianza kujitokeza mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu mwanzo ilikuwa na tabia moja ambayo vitabu vya historia ya sinema huitaja kwa kupita tu: ilipiga picha majumbani mwa watu. Haikuwa na fedha za kujenga seti, basi ikaingia sebuleni, jikoni na chumbani kwa wenye nyumba waliokubali. Humo ndani ikakutana na mambo ambayo Hollywood haikuyagusa, na mojawapo ni kazi ya kumuuguza mgonjwa asiyetarajiwa kupona. James White, filamu ya Josh Mond ya mwaka 2015 kuhusu kijana wa New York anayemuuguza mama yake, ilizaliwa na historia hiyo ya zaidi ya nusu karne.

Hollywood yenyewe haikukosa wagonjwa. Mwaka 1939 kampuni ya Warner Bros. ilitoa Dark Victory, ambamo Bette Davis aliigiza msichana tajiri mwenye uvimbe katika ubongo. Macho yake yanapoteza nuru, anapanda chumbani kwake, anajilaza, na anakata roho. Hatapiki, hana vidonda vya kulala, na hakuna anayebadilisha shuka. Sababu moja ilikuwa kanuni za maadili ambazo studio zilizisimamia kwa ukali kuanzia 1934 hadi 1968, zilizobana namna mwili wa binadamu ulivyoweza kuonyeshwa. Sababu kubwa zaidi ilikuwa ya kibiashara: nyota wa filamu alilipwa ili apendeze hadi pumzi ya mwisho. Kanuni zilipofutwa, desturi ilibaki palepale. Katika Love Story ya mwaka 1970, mgonjwa anayeigizwa na Ali MacGraw anazidi kuwa mzuri kadiri kifo kinavyomkaribia, jambo lililomfanya mhakiki Roger Ebert aupe ugonjwa huo jina la mwigizaji mwenyewe. Dhihaka yake ilikuwa ya haki. Kazi ya kuogesha, kulisha na kukesha ilifanywa nje ya picha, na kama ilimhusu mtu, basi ni mke, binti, nesi au mtumishi wa ndani ambaye hakupewa hata jina.

Watazamaji nao walikuwa wamezoea kutoiona kazi hiyo. Kufikia katikati ya karne ya 20, Wamarekani wengi walikuwa wanafia hospitalini au katika nyumba za kutunzia wazee. Mgonjwa mahututi alipelekwa mahali penye saa maalumu za kumwona, na jamaa zake wakamkuta ameshasafishwa.

Njia ya filamu huru ilisafishwa na mambo mawili yasiyohusiana. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi dhidi ya Paramount na studio nyingine kubwa, na studio hizo zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema. Wenye majumba wakawa na uhuru zaidi wa kuchagua cha kuonyesha. Jambo la pili ni kifaa. Kodak ilikuwa imetoa filamu ya upana wa milimita 16 mwaka 1923 kwa ajili ya watu wa kawaida, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitumika sana jeshini. Baada ya vita, kamera ndogo za aina hiyo na watu waliojua kuzitumia hawakuwa adimu tena. Kamera ya studio ilihitaji kundi la mafundi, reli na taa nzito. Ya milimita 16 ilibebwa begani na kupita mlango wowote wa nyumba.

Aliyeitumia fursa hiyo kwa ukaidi kuliko wengine ni John Cassavetes, mwigizaji wa New York aliyekuwa akifundisha uigizaji. Mwaka 1957 alihojiwa katika kipindi cha redio cha Jean Shepherd, akawaambia wasikilizaji kwamba kama wanataka filamu inayohusu watu halisi, watume fedha. Zikaja takriban dola 2,000, nyingi zikiwa noti mojamoja. Kwa fedha hizo na mikopo, akiwa na wanafunzi wake walioigiza papo kwa papo, alitengeneza Shadows, kuhusu ndugu watatu weusi wanaoishi pamoja New York. Toleo la kwanza la 1958 halikumridhisha, akapiga upya sehemu kubwa, na toleo la 1959 ndilo linalojulikana. Filamu ilisifiwa katika tamasha la Venice na kupata msambazaji Uingereza kabla ya nchi yake kuijali.

Baada ya kujaribu kufanya kazi ndani ya studio na kugombana nazo, Cassavetes alirudi nyumbani, na neno hilo lichukuliwe kwa maana yake halisi. Faces, iliyotoka mwaka 1968, ilipigwa picha ndani ya nyumba yake mwenyewe mjini Los Angeles na nyumbani kwa mama mkwe wake, ikahaririwa kwa miaka kadhaa. Lynn Carlin, aliyekuwa katibu muhtasi ofisini na si mwigizaji, alipata uteuzi wa Tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo. Lakini ni A Woman Under the Influence ya mwaka 1974 iliyofungua mlango unaohusika na habari hii. Mabel, anayeigizwa na Gena Rowlands, mke wa Cassavetes, ni mama wa watoto watatu ambaye akili yake inayumba. Mume wake ni mfanyakazi wa ujenzi, naye anampenda na hajui la kumfanyia. Mabel anapelekwa hospitali ya magonjwa ya akili kwa miezi sita, na sehemu ya mwisho ya filamu inahusu siku anayorudishwa nyumbani. Studio hazikuutaka muswada. Cassavetes na mkewe waliweka nyumba yao rehani, Peter Falk, mwigizaji wa nafasi ya mume, akatoa dola 500,000 zake mwenyewe, na mama mzazi wa Cassavetes akaigiza mama mkwe. Filamu ilipokamilika hakuna msambazaji aliyeichukua, basi mwongozaji na wenzake wakawapigia simu wenye majumba mmoja mmoja. Rowlands na Cassavetes wote waliteuliwa kuwania Oscar.

Kilichokuwa kipya humo ni muda. Studio ingemwonyesha mgonjwa akianguka, kisha ingeruka hadi kwa daktari. Cassavetes anakaa mezani na familia inayokula tambi huku kila mtu akijaribu kutotazama jinsi Mabel anavyozungumza na wageni, na haondoki hadi aibu iwafikie watazamaji. Kamera yake mara nyingi husimama mbali na kuvuta sura kwa lenzi ndefu, ili waigizaji wazunguke chumbani bila kujali alama za chaki sakafuni. Ukungu wa picha unaotokea mara kwa mara, ambao fundi wa studio angeuita kasoro, ulikuwa gharama ya uhuru huo. Waongozaji wa baadaye walirithi vyote viwili, subira na ukungu.

Wakati huohuo kifo kilikuwa kinaanza kurudi nyumbani. Elisabeth Kübler-Ross alichapisha mwaka 1969 kitabu chake kuhusu mazungumzo na wagonjwa wanaokaribia kufa, na kikasomwa kote Marekani. Cicely Saunders alikuwa amefungua Hospisi ya St Christopher's, mahali pa kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa, mjini London mwaka 1967, akisisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani yanaweza kudhibitiwa kwa kumpa mofini kwa saa maalumu badala ya kungoja alie. Florence Wald, aliyekuwa mkuu wa shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha Yale, aliipeleka fikra hiyo Connecticut, na mwaka 1974 huduma ya kwanza ya namna hiyo Marekani ilianza kazi kwa kuwafuata wagonjwa majumbani, kabla haijawa na jengo lake yenyewe. Mwaka 1982 Bunge la Marekani liliingiza hospisi katika Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Sharti lilikuwa madaktari wawili wathibitishe kwamba mgonjwa anatarajiwa kuishi miezi sita au pungufu. Nesi anakuja na kuondoka. Kitanda cha hospitali, oksijeni na dawa vinaletwa mlangoni. Saa zilizobaki za siku, yaani karibu zote, ni za jamaa. Sera hiyo ilisifiwa kwa utu wake, na kweli ilikuwa na utu, lakini pia iliokoa fedha za umma kwa kuwapa watoto na wake za wagonjwa kazi isiyolipwa.

Filamu ya kwanza muhimu kuingia katika hali hii ilitangulia sera hiyo, wala haikuwa ya kubuni. Michael Roemer, ambaye mwaka 1964 alikuwa ametengeneza Nothing But a Man, mojawapo ya filamu huru bora za muongo wake, alitengeneza Dying kwa ajili ya televisheni ya umma ya Boston, ikarushwa mwaka 1976. Aliwafuata watu wenye saratani hadi majumbani mwao, akiwemo mchungaji mweusi anayeendelea kuhubiri, na akaacha ndoa na hasira zao zionekane bila sauti ya msimulizi kuzifafanua. Ni filamu ya dakika chache kuliko mia moja, na haijapata umaarufu inaostahili.

Los Angeles nako kundi la wanafunzi weusi wa chuo kikuu cha UCLA, akiwemo Haile Gerima kutoka Ethiopia, lilikuwa linatengeneza filamu za mitaa yao. Charles Burnett alipiga Killer of Sheep katika mtaa wa Watts siku za mwisho wa juma, kwa chini ya dola 10,000, akiwatumia majirani na marafiki, na kuiwasilisha mwaka 1977 kama kazi ya kumalizia shahada ya uzamili. Haikuweza kuingia majumba ya sinema kwa miaka 30 kwa sababu haki za nyimbo zilizotumika hazikuwa zimelipiwa. Zilipolipiwa, mwaka 2007, gharama yake ilizidi mara nyingi ile ya filamu yenyewe. Burnett ndiye pia aliyetengeneza To Sleep with Anger, iliyoonyeshwa mwaka 1990. Humo baba wa familia iliyohamia Los Angeles kutoka Kusini anaanguka kitandani baada ya mgeni wa zamani, anayeigizwa na Danny Glover, kuingia nyumbani. Mke anamtibu kwa dawa za kienyeji, waumini wa kanisa wanakuja kusali na kunung'unika kuhusu dawa hizo, na wana wawili wanabishana ni nani anayefanya kazi za nyumba. Ndugu wanaogombana juu ya kichwa cha mgonjwa hawakuwa wageni kwa mtazamaji yeyote. Ila sinema ya Marekani ilikuwa haijawapa nafasi kwa kiwango hicho.

To Sleep with Anger ilipata tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Park City, Utah, ambalo kufikia wakati huo lilikuwa soko kuu la filamu huru. Tamasha hilo lilianzia Salt Lake City mwaka 1978 na kuhamia mji wa milimani wa Park City mwaka 1981, mwaka uleule mwigizaji Robert Redford alipoanzisha Taasisi ya Sundance kwa ajili ya kuwafunza waandishi na waongozaji. Taasisi ililichukua tamasha mwaka 1985, na mwaka 1991 likapewa jina lake. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1989. Steven Soderbergh alileta sex, lies, and videotape, iliyogharimu takriban dola milioni 1.2 na kupigwa zaidi ndani ya nyumba chache za Baton Rouge. Ilishinda tuzo ya watazamaji, kisha ikatwaa tuzo ya juu ya Cannes, na kuingiza zaidi ya dola milioni 24 Marekani pekee. Kuanzia hapo wanunuzi walipanda Park City kila Januari wakiwa na hundi mkononi.

Miaka hiyohiyo janga la UKIMWI lilikuwa linaua vijana wa New York, Los Angeles na San Francisco, na hapa ndipo historia ya filamu za uuguzaji ilipogeuka. Wagonjwa wengi wa mwanzo walikuwa wanaume wapenzi wa jinsia moja. Baadhi walikuwa wametengwa na familia zao, na hospitali nyingine ziliacha sinia za chakula mlangoni kwa hofu ya kuambukizwa. Waliowauguza walikuwa wanaume wenzao: wapenzi, marafiki, watu waliojifunza kumgeuza mgonjwa ubavu na kuchanganya dawa bila kufundishwa na yeyote. Parting Glances ya Bill Sherwood, mwaka 1986, ilimweka mgonjwa, Steve Buscemi katika nafasi yake ya kwanza kubwa, katikati ya hadithi ya marafiki wanaoagana, akiwa mchekeshaji na mwenye kiburi. Sherwood mwenyewe alifariki kwa UKIMWI mwaka 1990 bila kutengeneza filamu nyingine.

Longtime Companion ilishinda tuzo ya watazamaji Park City mwaka huohuo wa 1990. Craig Lucas aliiandika, Norman René akaiongoza, na fedha zilitoka American Playhouse, mpango wa televisheni ya umma, baada ya milango mingine kufungwa. Inaanza tarehe 3 Julai 1981, siku gazeti la New York Times lilipochapisha habari ya saratani ya ajabu miongoni mwa wanaume, na kuwafuata marafiki kwa miaka inayofuata. Bruce Davison anaigiza mtu mwenye mali ambaye mpenzi wake, mwandishi wa tamthilia za televisheni, anapoteza akili na uwezo wa kujizuia. Anamvalisha nepi, anamdanganya mwajiri kwa simu, na mwishowe anakaa kitandani na kumwambia aache kupigana, aende. Davison aliteuliwa kuwania Oscar. Kabla ya hapo sinema ya Marekani ilikuwa imewaonyesha wanaume kando ya kitanda cha mgonjwa wakilia, wakiomba msamaha au wakiwalipa madaktari. Mwanaume anayeosha mwili wa mgonjwa, kwa mikono yake, usiku baada ya usiku, alikuwa mhusika mpya. Vijana wanaowauguza mama zao katika filamu za baadaye wanadaiwa na huyu zaidi kuliko na Love Story.

Deni hilo lina ushahidi wa moja kwa moja katika Marvin's Room. Scott McPherson aliandika tamthilia yenye jina hilo, kuhusu mwanamke aliyemhudumia baba yake asiyeinuka kitandani kwa miaka mingi, huku mwandishi mwenyewe na mwenzake wakiwa na UKIMWI. McPherson alifariki mwaka 1992. Filamu ya 1996, pamoja na Diane Keaton, Meryl Streep na Leonardo DiCaprio, ilisambazwa na Miramax, ambayo Disney ilikuwa imeinunua mwaka 1993. Huru kwa jina, basi. Miaka ya 1990 iliyobaki ilikuwa ya kelele na fedha: Kevin Smith alitengeneza Clerks kwa dola 27,575 za kadi za mkopo, studio zikaanzisha matawi ya filamu ndogo, na vyumba vya wagonjwa vikapata nyota. Nje ya Marekani, Mrusi Aleksandr Sokurov alitoa Mother and Son mwaka 1997, ambamo kijana anambeba mama yake anayekufa mikononi, akipita mashambani yaliyopindishwa kwa vioo vilivyopakwa rangi mbele ya lenzi. Ni filamu nzuri mno kwa macho, na haina uhusiano wowote na kazi ya uuguzaji; mama huyo hahitaji hata kubadilishiwa nguo.

Kamera za video za kidijitali zilirudisha biashara kwenye umaskini wake wa asili. Mwaka 1999 Gary Winick alianzisha InDigEnt, kampuni ya New York iliyotengeneza filamu kwa kamera ndogo za kaseti, na wafanyakazi wakipewa sehemu ya mapato. Kwa takriban dola 300,000 ilitoa Pieces of April ya Peter Hedges mwaka 2003, kuhusu msichana anayepika chakula cha sikukuu katika chumba kibovu huku mama yake mwenye saratani akisafirishwa kwa gari kuja kula. Hedges aliiandika akichota katika ugonjwa wa mama yake mwenyewe. Patricia Clarkson anamwigiza mama huyo akiwa mkali, mchokozi na mwenye kichefuchefu, na akateuliwa kuwania Oscar. Mwaka uliofuata Sundance ilionyesha Tarnation ya Jonathan Caouette, aliyetumia kanda za nyumbani alizorekodi tangu utotoni na programu ya kuhariri iliyokuja na kompyuta. Ni maisha yake na mama yake, ambaye akili yake iliharibiwa na matibabu ya umeme aliyopewa akiwa msichana. Kijana anamleta mama kuishi naye New York, na kamera inabaki imewashwa. Gharama iliyotangazwa ilikuwa dola 218. Haki za nyimbo ziliipandisha hadi laki kadhaa, kama ilivyokuwa kwa Burnett.

Josh Mond, Antonio Campos na Sean Durkin walikutana wakisomea filamu katika Chuo Kikuu cha New York na kuanzisha Borderline Films, kampuni ya watu watatu yenye kanuni moja ya kazi: mmoja anaongoza, wawili wanatayarisha, kisha zamu inapita. Campos aliongoza Afterschool mwaka 2008. Durkin aliongoza Martha Marcy May Marlene, iliyompa tuzo ya uongozaji Sundance mwaka 2011. Mond, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akitayarisha kazi za wenzake, alipata zamu yake ya kwanza na James White. Mama yake alikuwa amefariki kwa saratani, na filamu ilichota humo, ingawa hadithi yake ni ya kubuni.

James, anayeigizwa na Christopher Abbott, hana kazi, analala kwenye kochi la mama yake katika mtaa wa Upper West Side, anakunywa na kupigana baa. Filamu inaanza akitoka usiku wa disko na kuingia asubuhi katika matanga ya Kiyahudi ya baba yake, yanayofanyika nyumbani kwa mama. Anakwenda Mexico kujipumzisha, na akiwa huko mama anapiga simu kusema saratani imerudi. Kuanzia hapo sehemu kubwa ya filamu imo ndani ya nyumba ile. Mpiga picha Mátyás Erdély, Mhungaria ambaye mwaka huohuo alionyesha Cannes kazi yake ya Son of Saul, anaiweka kamera karibu na uso wa James kiasi kwamba chumba kinaonekana vipandevipande. Uamuzi huo una faida ya bajeti, maana ukuta usioonekana hauhitaji kupambwa. Pia unalingana na hali ya mtu asiyelala, ambaye upeo wake umekwisha kwenye kikombe cha maji, dawa na mlango wa choo.

Tukio linalotajwa zaidi linatokea chooni. Mama, anayeigizwa na Cynthia Nixon, hawezi kusimama. Anaegemeza kichwa kwenye mwili wa mwanawe, naye anaanza kumsimulia maisha ambayo wangeishi Paris, yeye akiwa na mke na watoto, mama akiwa bibi anayewatembelea. Hakuna kinachosogea isipokuwa sauti. Nixon alikuwa amepona saratani ya matiti, na mama yake mwenyewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo. Uigizaji wake hauna hata chembe ya ule uzuri wa wagonjwa wa Hollywood. Mama anatapika, anachanganyikiwa, anatukana, anaogopa. James naye si malaika wa rehema. Anapiga kelele kwa wahudumu, anatoroka kwenda kunywa, anarudi. Sheria ya likizo ya familia ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi wa Marekani majuma 12 yasiyolipwa ili amuuguze mzazi, kama mwajiri wake ana watu 50 au zaidi. Kijana asiye na kazi haimhusu, na filamu haihitaji kuitaja ili ieleweke kwa nini mtu pekee aliyepo kwa saa 24 ni yule ambaye jamii imemhesabu kuwa hafai kitu.

James White ilionyeshwa Sundance Januari 2015 katika kitengo cha filamu za bajeti ndogo sana, ikashinda tuzo ya watazamaji ya kitengo hicho, na kuingia majumba machache ya sinema Novemba mwaka huo. Abbott na Nixon waliteuliwa kuwania tuzo za Spirit, ambazo wakati huo zilitolewa kwa filamu huru pekee, na Mond akateuliwa kwa filamu ya kwanza bora. Mwaka mmoja baadaye Sundance ilifungua shindano lake la tamthilia za Marekani kwa hadithi inayokaribia kufanana: Other People ya Chris Kelly, kuhusu mwandishi wa vichekesho anayetoka New York kurudi Sacramento kumuuguza mama yake mwenye saratani, huku baba akikataa kuzungumzia kwamba mwanawe anapenda wanaume. Kelly naye aliitoa katika maisha yake. Molly Shannon, aliyeigiza mama, alishinda tuzo ya Spirit. Watazamaji wengi wa filamu hiyo waliiona majumbani mwao kupitia Netflix. Kufikia hapo, filamu ndogo za namna hii zilikuwa zimeacha kutegemea majumba ya sinema ambayo Cassavetes aliyapigia simu moja moja.